Nungunungu na Kigoda cha Wadogo

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia vizuri. Kuitikia mnakuweza, sina neno, na ngano ya leo inawahusu waitikiaji. Anayetaka kuondoka aondoke sasa, maana nikianza sitaki mtu aniulize maji ya kunywa yako wapi.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa bado wanapeana salamu, palikuwa na chemchemi moja chini ya mlima. Wote walikunywa hapo, wakubwa kwa wadogo. Mambo ya chemchemi yaliamuliwa barazani, ndani ya ua wa magogo. Barazani palikuwa na vigoda saba. Sita vilikuwa vya wakubwa, Simba na Tembo na Nyati na wenzao. Cha saba, kifupi kuliko vyote, kilikuwa cha wadogo, na mdogo yeyote aliyetaka aliruhusiwa kukikalia. Waliobaki walisimama nje ya ua, wakachungulia kati ya magogo, wakasema walichotaka kusema. Kusema hakukukatazwa. Simba mwenyewe alizipenda zile kelele, zilimletea usingizi.

Kati ya wote waliosimama pale nje, hakuna aliyekuwa na ulimi kama wa Nungunungu. Alikuwa akiishi na mama yake mzazi, bibi kizee ambaye miguu yake ilifika chemchemini tu, ikirudi hapo imekwisha. Kila alfajiri Nungunungu alimshika mkono mama yake wakaenda kunywa. Akishamrudisha nyumbani, mbio kwenye magogo ya ua kusema.

Siku hizo kigoda cha wadogo alikikalia Mzee Kakakuona. Alikuwa mzee mpole, mwenye maneno machache. Siku moja alitoka barazani akiwa hoi, akawaambia waliokuwa nje, "Wanangu, wakubwa walitaka kuifunga njia ya kwenda majini. Nimewaomba mpaka sauti imenikauka. Njia imebaki."

"Njia!" Nungunungu akadakia. "Sasa tutakunywa njia?"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nungunungu alipoona wanacheka akanogewa, akawatungia wimbo papo hapo:

"Kapata kigoda, kapata kivuli, kapoteza ulimi!"

Rafiki yake Pimbi akaupokea, na wengine wote wakaupokea. Kuanzia siku hiyo, Kakakuona akitoka aliimbiwa. Akiingia aliimbiwa. Kisha wakaanza kumrushia mabonge ya udongo, naye akijikunja mviringo, akisubiri wachoke.

Siku moja hakujikunja. Alikuja moja kwa moja mpaka alipo Nungunungu, akakiweka kigoda mbele ya miguu yake.

"Una maneno mazuri, mwanangu," akasema. "Kayaseme ndani. Mimi nimechoka." Akaenda zake kichakani.

Kigoda kikakaa njiani siku tatu. Kila aliyepita alikizunguka. Pimbi alianikia mbegu zake juu yake.

Siku ya nne Fisi, bawabu wa baraza na mpiga mbiu, akapita akitangaza. "Ukame umezidi! Kesho baraza litaifunga chemchemi kwa wadogo! Wadogo wote wakanywe mtoni, ng'ambo ya nyika!"

Bibi kizee alikuwa amekaa mlangoni pa shimo lao. Akauliza, "Mwanangu, huko mtoni ni mbali?"

Mtoni kulikuwa mwendo wa siku nne.

"Siyo mbali sana, mama," akajibu Nungunungu.

Akamkimbilia Pimbi. "Twende wote barazani. Mimi nikae kigodani, wewe usimame karibu yangu."

"Ee mwenzangu, mimi mambo ya ndani siyawezi," Pimbi akasema. "Nenda wewe. Tuko nyuma yako."

Akamwendea Sungura. "Tuko nyuma yako." Akamwendea Kanga na wanawe. "Dada, nenda tu, tuko nyuma yako."

Asubuhi, Nungunungu akakipangusa kigoda, akakipandisha kichwani, akaenda. Fisi akamzuia mlangoni.

"Silaha zinabaki nje."

"Sina silaha, Bwana Fisi."

"Na hiyo miiba?"

"Hii si silaha, ni mwili wangu. Mbona Simba ameingia na makucha?"

"Yale ni vidole vyake."

"Na wewe na hayo meno?"

"Haya ni ya kulia chakula," akasema Fisi, akayaonyesha yote. "Ng'oa au rudi."

Nungunungu akasimama. Angeweza kurudi. Angeweza kusimama nje pamoja na wenzake, akapaza sauti kuliko wote, na mchana akarudi nyumbani na mgongo wake mzima. Lakini alimkumbuka mama yake pale mlangoni. Basi akaanza kuing'oa, mwiba mmoja mmoja, na kila mwiba ulitoka na damu yake. Kule nje wakapiga vigelegele. "Tuko nyuma yako! Tuko nyuma yako!" Alipomaliza, mgongo wote ulikuwa mwekundu, naye akaona baridi kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Mle ndani hamkuwa kama alivyozoea kuona kwa kuchungulia. Kigoda kilikuwa kifupi mno hata akikaa anaona magoti ya Tembo tu. Alisema, hawakumsikia. Akasema tena, Nyati akapiga miayo. Mara ya tatu akasimama juu ya kigoda.

"Waheshimiwa! Matope ya chemchemi huzibuliwa na nani?"

Kila siku matope yalizibuliwa na wadogo, wakubwa miguu yao haikuingia kwenye jicho la maji, kile kitundu yanapotokea.

"Tukienda mtoni sisi, baada ya siku tatu jicho litaziba. Mtakunywa tope."

Hapo Simba akafumbua macho. Wakavutana mpaka jua likaanza kushuka. Mwisho Simba akasema, "Wadogo watakunywa asubuhi. Jua likifika utosini, waondoke, maji ni yetu. Na matope wataendelea kuzibua. Ukikataa hilo, nafunga yote, tope nitajua mwenyewe."

Nungunungu alijua kwamba amepewa nusu. Alijua pia kwamba mama yake hunywa asubuhi. Akakubali kwa shingo upande, akakibeba kigoda, akatoka.

"Tumepata asubuhi," akawaambia waliomngoja.

"Asubuhi tu?" akauliza Sungura.

"Na mchana je?" akauliza Kanga.

"Mchana kauuza!" Pimbi akapaza sauti kutoka juu ya jiwe. "Hebu mtazameni mgongo unavyong'aa. Ametoka kupakwa mafuta huko!"

Ilikuwa damu ile. Wote walimwona aking'oa, ilikuwa asubuhi ya siku hiyohiyo. Lakini wakacheka, wakashikana mabega, na Pimbi akaanzisha:

"Kapata kigoda, kapata kivuli, kapoteza ulimi!"

Nungunungu alipousikia wimbo wake alitaka kucheka, akashindwa. Bonge la kwanza likampiga begani. La pili likampiga kiunoni. La tatu lilikuwa na jiwe ndani, likampata katikati ya mgongo, na hapakuwa na mwiba hata mmoja wa kulizuia.

Kesho yake alfajiri alimpeleka mama yake chemchemini. Alikuta foleni ndefu. Waimbaji wote walikuwepo, na wa kwanza kabisa ni Pimbi, maji yakimchuruzika kidevuni.

"Usininunie, mwenzangu," Pimbi akasema. "Mtu ana haki ya kusema. Sisi tunasema tu."

"Keshokutwa wanakaa tena," akasema Nungunungu. "Watataka kuichukua na hii asubuhi. Nani atakikalia kigoda?"

Kanga akawageukia wanawe.

"Nani atakikalia?"

Sungura akainama kunywa.

"Nauliza, nani?"

"Si ukae wewe, ulishazoea," akasema Pimbi. "Tuko nyuma yako."

"Najua mko nyuma yangu," akasema Nungunungu. "Mgongo unaniuma."

Akamrudisha mama yake nyumbani, kisha akaenda kukiacha kigoda pale pale njiani alipokikuta. Alikuwa na hasira, tena hasira iliyochanganyika na aibu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Akaingia kichakani, akamtafuta Kakakuona mpaka akampata ndani ya shimo, amejikunja mviringo.

"Mzee, ni mimi. Nimekuja kukuomba radhi. Jikunjue."

Kakakuona akazidi kujikaza.

"Wimbo ule niliutunga mimi, mzee. Jikunjue."

Alimsikia akipumua.

"Jikunjue basi, baba yangu."

Hakujikunjua. Nungunungu akakaa naye mpaka jua likafika utosini, akaondoka.

Keshokutwa ilipofika, baraza likakaa, kigoda cha wadogo hakipo. Simba akauliza, "Wadogo wanasemaje?" Kule nje wakapiga kelele wote kwa pamoja, Pimbi akiwashinda, na maneno yao yalikuwa mazuri na ya kweli. Simba akafumba macho, akalala usingizi mtamu. Alipoamka akasema, "Asubuhi nayo imefutwa. Tope nitajua mwenyewe."

Nungunungu akampandisha mama yake kwenye ule mgongo wenye vidonda, akashika njia ya nyika. Siku ya kwanza bibi kizee aliuliza, "Mwanangu, huko mtoni ni mbali?"

"Siyo mbali sana, mama."

Siku ya pili akauliza tena, kwa sauti ndogo, "Mwanangu, ni mbali?"

"Siyo mbali sana, mama."

Siku ya tatu hakuuliza.

Nungunungu akamshusha, akachimba kwa mikono yake, akamzika pale pale nyikani. Na wakati anafukia alijua kwamba Simba ana sehemu yake, na Pimbi ana sehemu yake, na yeye aliyekiacha kigoda njiani ana sehemu yake.

Miiba ilimwotea tena, mirefu kuliko ya kwanza. Ndiyo sababu mpaka leo nungunungu akisikia sauti za watu hageuzi uso, hugeuza mgongo, na miiba yote huisimamisha. Kakakuona, ni nani kati yenu aliyewahi kumwona? Mnasikia tu kwamba yupo. Na Pimbi yuko hai na mzima, nendeni majabalini mtamsikia, bado anasema.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye kaburi la bibi kizee, mwendo wa siku moja tu kufika majini. Mwenye maoni asiniletee mimi. Kigoda kiko pale njiani, mlikizunguka mkija.