Wanne Waliojibu Hainihusu

Hapo zamani, si ile zamani ya majitu, zamani ya juzijuzi tu, kijiji cha Igumila kilikuwa na zahanati moja na mkunga mmoja, Nesi Kabula. Kazi yake aliijua. Ulimi wake nao kila mtu aliujua.

Siku moja ya kliniki akaja karani kutoka wilayani, jina lake Luhende, na swali moja: ulipojifungua, mkunga alikuhudumiaje? Majibu matano yamepangwa kama ngazi: vibaya sana, vibaya, wastani, vizuri, vizuri sana. Pembeni, peke yake, la sita: hainihusu.

Wazazi kumi na watatu wakajibu. Nyamizi, mama kijana mwenye mtoto mgongoni na mimba ya miezi minane tumboni, akaisoma karatasi mara tatu, akatia alama kwenye hainihusu, akairudisha upesi kama inamuunguza.

"Sasa sikilizeni," akasema Luhende. "Uzuri na ubaya si magunia, siwezi kuyajumlisha nikayagawanya. Nitawapanga mstari. Wa vibaya sana mbele, wa vizuri sana nyuma. Atakayeangukia katikati, jibu lake ndilo jibu la kijiji. Likiwa vizuri au zaidi, Kabula anabaki. Likiwa chini ya hapo anahamishwa, na chumba cha kujifungulia kinafungwa mpaka apatikane mwingine."

"Anapatikana lini?" akauliza Nyamizi.

"Akipatikana."

Kabula alikuwa ndani anachanja watoto. "Bora yuko ndani," akanong'ona Mama Shija, "angekuwa hapa nani angethubutu kusimama mbele?" Wanawake wakacheka, wakajipanga. Mmoja wa vibaya sana, wawili wa vibaya, mmoja wa wastani, wanne wa vizuri, na Mama Shija mwenyewe, vizuri sana, nyuma kabisa. Jumla tisa. Wanne wa hainihusu wakabaki wamesimama hawajui pa kwenda.

"Nyie njooni mbele, mbele hata ya vibaya sana," akasema Luhende. "Asiyehudumiwa amepata sifuri."

Wakaenda. Wakahesabu kutoka mbele, wakahesabu kutoka nyuma, katikati akaangukia mama wa vibaya. Kabula anahama.

"Karani, unaonea watu," akasema Mwenyekiti Ndaki wa kijiji, aliyekuja na Mwalimu Kashindye kushuhudia. "Hawa hawakusifu, hawakulaumu. Wasimame na wa wastani, hapo hawamuumizi mtu."

Wakahama. Wakahesabu kutoka mbele, wakahesabu kutoka nyuma, katikati akaangukia wa wastani. Kabula anahama.

"Hawamuumizi mtu!" akasema Mama Shija. "Mwenyekiti, umemfungia mkunga mizigo yake kwa upole kweli!"

Mwalimu Kashindye akasimama. "Wastani ni jibu, na hawa hawakulitoa. Mnawatia maneno mdomoni. Wakae chini, tuwahesabu waliohudumiwa."

Wakakaa. Wakahesabu kutoka mbele, wakahesabu kutoka nyuma, wa tano kati ya tisa akawa wa vizuri. Kabula anabaki. Nyamizi akashusha pumzi, maana mwezi ujao uchungu ukimshika atakimbilia wapi, hospitali ya wilaya ni mwendo wa siku nzima.

"Subirini," akasema Luhende. "Kwa nini haiwahusu?"

Wawili wakajibu pamoja: uzazi wa kwanza walikwenda kujifungulia kwa mama zao, kijiji kingine, kama ilivyo desturi. Hakuna aliyebisha, hata Luhende. Hao wakae.

Wa tatu, Holo, akanyoosha kidole. "Nyumba yangu ile pale, mnaiona. Nilijifungulia humo humo. Niliogopa matusi yake, basi."

Zamu ya Nyamizi. Maneno yakamtoka mbio.

"Mimi nilikuja. Asubuhi, jua limetoka, nikakuta kufuli, nesi amekwenda na baiskeli kumzalisha mtu kijiji cha pili, mimi sikujua, nikagonga, nikagonga, nikajifungulia nyuma ya mashine ya kusaga. Hakunihudumia vibaya. Hakunihudumia. Ningejaza nini, karani? Niambie, ningejaza nini?"

Ndani mtoto alikuwa akilia kwa sindano.

"Unaona?" akasema Luhende. "Mlango uliofungwa ni huduma mbaya kupita zote. Ukikaa chini, kufuli lile halikuwahi kuwapo."

"Hakuwa amelala," akasema Mwalimu Kashindye. "Alikuwa anamzalisha mwenzako. Utamhukumu kwa mikono ambayo hukuiona ikifanya kazi?"

"Kaa na wastani, mwanangu," akasema Ndaki, "usiwe na deni na yeyote."

"Mwenyekiti, nimeshahesabu," akasema Luhende. "Wakisimama hawa wawili, mbele au kwenye wastani, mstari unakuwa wa kumi na mmoja, na katikati panaangukia wastani. Kabula anahama. Wakikaa, anabaki."

Holo akamgusa mwenzake bega. "Shoga, nitafuata utakapokwenda wewe."

Nyamizi akainuka kwa shida, mkono chini ya tumbo. Akisimama mbele, kufuli litahesabiwa, na mwezi ujao atalikuta tena, safari hii hakuna hata wa kumsubiri arudi. Akikaa, Kabula atakuwapo, ila asubuhi ile nyuma ya mashine itakuwa haijampata mtu yeyote Igumila.

Basi ninyi mnaosikiliza, mpangeni mstari wenu. Luhende, Ndaki na Kashindye, je, nani alistahili kusikilizwa? Na Nyamizi, mlango umefungwa na mwenye funguo yuko kazini, je, asimame wapi?