Kuchi Alalia Mayai ya Kishingo

Jamvini mpo?

Tupo!

Niseme, nisiseme?

Sema!

Na nikiongopa?

Tutacheka nawe!

Basi, alikuwako Kuchi, jogoo mrefu, kifua mbele, mchoyo huyo! Hori la pumba lote lake. Ukisogea tu, ngwa! kichwani. Lakini kila masika vifaranga wake waliharisha damu, wakasinzia, wakafa. Wa Kishingo, kuku mdogo asiye na unyoya shingoni, hakuugua hata mmoja. Chwi chwi chwi, wanachakura matopeni!

Wivu ukamkaba Kuchi, pumba haishuki. "Kijitu kama kile! Kwa nini yeye, si mimi?"

Akamwendea. "We Kishingo, dawa yako nini?"

"Sina dawa, bwana. Ndiyo damu ya kwetu. Bibi alikuwa hivi, mama hivi, nami hivi."

"Mwongo! Unanibania! Toa dawa, au uhame uani kwangu!"

Kishingo akamtazama Kuchi, akalitazama hori. Tangu juzi hajala, na ana mayai kumi ya kulalia.

"Haya, bwana mkubwa, umenishinda. Dawa imo mayaini mwangu, inakupanda mwilini kwa joto, na wanao waipate. Yalalie wiki tatu. Ila ukigusa hori tu, imeharibika! Punje mbili tatu nitakuletea mwenyewe."

"Na haya manyoya ya shingo?"

"Yanaizuia. Lete nikunyonyoe."

Nyo! "Ai!" Nyo! "Ai!" Kuchi akalalia. Kishingo huko horini: do, do, do! Wake wa Kuchi wakipita wanacheka: kwe kwe kwe! Kuchi anawaza siku Kishingo atakapomwonea wivu yeye.

Wiki tatu zikatimia. Pasu! Pasu! Vifaranga kumi, shingo tupu, wakamzunguka. "Mama! Mama!"

Masika yakaja. Wale kumi wazima. Wa Kuchi wakasinzia vilevile.

Kuchi akamkimbilia Kishingo, aliyekwisha kunenepa. "Mbona dawa haikuwashika wanangu?"

"Bwana, si nilikuambia siku ile? Ni damu ya kwetu. Ahsante kwa kunilelea."

Kuchi akataka kumdonoa. Nyuma yake: "Mama, tuna njaa!"

Akasimama. Akawatazama wale kumi. Kisha, shingo ikimtetemeka kwa baridi, akawapeleka horini, akawapisha wadonoe kwanza.

Nimefika mwisho, aliyecheka abebe kicheko chake, aliyelala aamshwe. Na funzo ni hili, watoto: ukitaka wanao wasiugue, nyonyoa shingo.