Vileja vya Mwanahawa

Sogeeni karibu, mnipe masikio yenu. Palikuwa na binti, Mwanahawa, aliyeoka vileja, vibiskuti vya unga wa mchele, na mama yake katika jiko la ukoo mzima. Mama alipokuwa anakata roho alimwambia, "Sitakuacha mpaka uviweze."

Walipomaliza kuzika, Mwanahawa akaoka peke yake. Alipofunua sufuria, sauti ya mama ikatoka mvukeni: "Samli haitoshi, mwanangu." Siku ya pili ikasema, "Makaa ya chini yamezidi ya juu, mwanangu." Mwanahawa akawa halali vizuri kwa hamu ya kupika.

Siku ya tatu akapima samli, akapanga makaa mengi juu ya kifuniko, machache chini. Vileja vikatoka vyeupe, vinanukia iliki. Sauti ikasema, "Umeviweza, mwanangu. Kwaheri."

Shangazi zake wakala, wakamsifu. Yeye hakuonja hata kimoja.

Kesho yake akajaza makaa chini, makusudi, akakaa kwenye kigoda akingoja kukosolewa. Vileja vikaungua vyote. Alipofunua, ulitoka moshi mtupu.

"Toka nje, mwanangu," shangazi yake akamwambia, "moshi unakutoa machozi."

Hakutoka. Ngano yangu naifunika hapo.