Kijiti cha Huruma

Ndugu zangu waumini, alikuwako bibi mmoja mkulima wa mwani, ambaye mwanawe wa pekee alikuwa amefariki. Mkwewe alikuwa ndani anakaa eda, na mtoto wake hamwachii hata atoke kucheza. Bibi akaona mjukuu anamezwa na kilio cha mama yake. Akaapa kwamba jioni hiyo angemchukua, kwa heri au kwa shari.

Asubuhi maji yalipokupwa, alikwenda kufunga mwani. Mwambani akamwona kiumbe mmoja wa baharini anayefanana na ua, mwenye mikono laini inayowasha. Kinywani mwake mmejaa vitoto vinavyofanana naye. Bibi akashtuka: huyu anawala wanawe. Akatwaa kijiti akavichokoa, akaviweka juu ya jiwe kwa huruma zake zote. Maji yalipoanza kujaa yakavisomba, na visamaki vikavidaka mbele ya macho yake.

Jirani yake wa shamba la pili alikuwa akimtazama. "Shoga, hakuwa akiwala," akasema. "Huwalea humo tumboni. Wakipata nguvu ya kushika jiwe, huwatoa mwenyewe."

"Huwatolea wapi?"

"Kinywa hicho hicho. Hana kingine."

Bibi akakitazama kijiti chake. Kinywa cha kulia ndicho cha kuzalia? Sasa mtu atajuaje? Ameokoa au ameua? Nyinyi mngejua? Msinitazame mimi, hata mimi ningechokoa.

Jioni alifika kwa mkwewe, kichwa bado kinamzunguka. Mjane alikuwa amechoka kuvutana na bibi kila siku juu ya mtoto. Nguo za mtoto alikwishazifunga kwenye kanga.

"Mchukue, mama," akasema.

Bibi akalitazama lile furushi. Tangu mazishi hakuwa amedondosha hata chozi. Akavua viatu, akaketi mkekani, ndipo akalia.

"Mwanangu, sikujua," akasema. "Niweke na mimi humu ndani."

Ndugu zangu, sisi huingia nyumba za wafiwa na vijiti mkononi. Huyu tunamwambia basi, kulia kumetosha; yule tunamnyang'anya mtoto, na hilo tunaliita huruma. Nani kati yetu aliuliza kwanza? Ukiona mlango umefungwa na hujui ndani kuna nini, tupa kijiti, piga hodi. Pengine aliyemo ndani si wa kutolewa. Pengine wa kuingizwa ni wewe.