Kisu Alichokichagua Kasanda

Wapendwa, tegeni masikio. Nataka tumfuate mtu mmoja sokoni, siku aliyokwenda kutafuta kisu. Ni mfano tu, nimeutunga mwenyewe, lakini watu wake nitawapa majina ili tusipotezane njiani. Mwenye habari tumwite Kasanda. Alikuwa mrina asali. Kila mwaka msimu ukifika aliaga nyumbani, akaingia porini kwenye mizinga yake, akapiga kambi huko mpaka kazi iishe. Aliyefuatana naye ni shemeji yake, Mihayo, mdogo wa mke wake. Na huyo mke tumwite Nyamizi. Ni hao tu.

Msimu uliotangulia Kasanda alikwenda porini na kisu cha kukunja, kizuri, cha kupendeza mfukoni. Siku moja alikuwa anachuna gome la mti, akakikandamiza, kikamkunjikia vidoleni. Akakaa kambini mkono umefungwa kitambaa, anamtazama shemeji yake akifanya kazi ya watu wawili. Wangapi hapa mmewahi kulala porini bila kisu? Huwezi kukata fito za kibanda. Huwezi kupata kamba ya kufungia. Kuni zikiloa huwezi kuzichonga ufikie sehemu kavu ya ndani, na usipoifikia, hakuna moto. Kasanda aliyajua hayo kwa mwili wake. Kwa hiyo akasema, mwaka huu sidanganyiki. Nataka kisu kisichokunjwa, cha kunitumikia mpaka nirudi nyumbani, na kiwe cha bei ninayoiweza.

Wakaenda sokoni yeye na Mihayo. Kijana wa meza ya kwanza akamwonyesha kisu cheusi, mgongoni kina meno ya msumeno, kwenye mpini kina dira.

"Mzee, hivi ndivyo wanavyobeba makomandoo," akasema.

Kasanda akakigeuza. "Chuma chake kinaishia wapi?"

"Kinaingia humu kwenye mpini."

"Kinaingia kiasi gani?"

Kijana akaonyesha kwa ncha ya kidole, kipande kifupi tu. Kasanda akakirudisha mezani taratibu, akashukuru, akaendelea.

Meza nyingine akapewa kisu kinene, kizito, kimevalishwa ala ya ngozi. Bei yake ilikuwa ya mtu mwingine, siyo ya mrina asali. Lakini hata bei angeisamehe. Alichosema ni kwamba, "Hiki ni cha kupasulia magogo, na magogo nina shoka. Mimi nataka kitu cha kukata."

Jua likawa kali. Mwishowe wakafika kwa mama mmoja aliyeuza misumari, bawaba na majembe, na katikati ya vitu hivyo kulikuwa na kisu cha kawaida kabisa. Urefu wa makali yake ulitosha kiganja cha mkono. Mpini ulikuwa vipande viwili vya mti vilivyobanwa kwa misumari ya ribiti, na katikati ya vile vipande chuma kilionekana, kimetoka kwenye ncha kimekwenda moja kwa moja mpaka mwisho. Ala yake ya plastiki tu. Kasanda akaomba ruhusa, akakiegemeza kwenye ubao akakipinda kidogo, kikarudi. Akachonga kijiti, maganda yakatoka membamba kama karatasi. Akapitisha makali kwenye mkono, vinyweleo vikaanguka. Akakishika kwa kulia, akakishika kwa kushoto, akafumba macho, akakichomoa na kukirudisha kwenye ala bila kutazama.

Mihayo alikuwa ameshachoka kusimama. "Shemeji, unachagua kisu au unachagua mke?"

"Mke nilipewa na nyinyi," Kasanda akasema. "Kisu ndicho nachagua mwenyewe."

Mama wa misumari akacheka, akapunguza bei kidogo, wakaondoka.

Nawauliza, mpaka hapo Kasanda alikosea nini? Hakukosea kitu. Hakununua mng'aro. Hakununua jina. Alipima, akauliza, akapata kilicho bora kwa uwezo wake. Laiti na sisi tungekuwa waangalifu hivyo.

Na kisu hakikumwaibisha. Kule porini kilikata fito, kikachuna magome, kikachonga vigingi, kikakwangua nta kwenye mizinga. Jioni Kasanda alikinoa kwenye jiwe kabla hajanawa mikono ale. Warina wa kambi za jirani walipopita kusalimia walikiomba, wakakijaribu, wakauliza kimetoka wapi. Na mwaka huo miti ilitoa maua mengi, asali ikawa nyingi. Kasanda akajaza madumu mawili ya asali nyeupe, ile ya kwanza, safi, na Mihayo akajaza lake moja. Alishamwahidi Nyamizi kwamba asali ya mwaka huu itaezeka nyumba kwa bati. Nyamizi alikuwa amevuna mvua ndani ya nyumba miaka mingi, anahamisha kitanda kutoka kona hii kwenda kona ile. Kwa hiyo Kasanda alipoyatazama yale madumu hakuona asali. Aliona bati.

Siku ya kurudi wakakuta mvua imenyesha juu huko, mto umejaa. Baiskeli zao walikuwa wameziacha ng'ambo, kwa jamaa yao. Mihayo akasimama ukingoni akayatazama maji yalivyokuwa mekundu, yamebeba majani na matawi.

"Shemeji, tungoje. Kesho yatakuwa yamepungua."

"Na yakiongezeka?" Kasanda akasema. "Mvua bado imefunga kule. Yakiongezeka tutakaa huku mpaka chakula kiishe. Mimi naujua mto huu, kivuko chake maji ni ya kifuani."

Mihayo hakutaka kubishana na mume wa dada yake. Akatangulia yeye, dumu lake amelishika begani. Alipofika katikati maji yakamsukuma, akayumba, akaona linamvuta, akaliachia. Likazama. Asali, wapendwa, ni nzito kuliko maji. Dumu likijaa halielei. Akafika ng'ambo mikono mitupu, anatweta.

Kasanda aliona lile dumu likizama, akasema moyoni, langu halitanitoka. Akachukua kamba ya katani, akajifunga dumu moja kifuani na lingine mgongoni, kamba ikapita chini ya makwapa, ikazunguka kiuno, ikakazwa vizuri. Aliifunga kwa mikono yake mwenyewe. Akashika fimbo, akaingia.

Alipofika pale shemeji yake alipoyumba, na yeye akayumba. Lakini yeye hakuwa na cha kuachia. Mguu ukakosa pa kukanyaga, maji yakamwangusha, yakamburuta mpaka kwenye mti uliokuwa umeangukia mtoni, akaudaka kwa mkono mmoja. Kichwa kikawa juu ya maji, lakini mzigo unamvuta chini. Fundo lilikuwa limeloa, limekaza. Fundo la namna hiyo halifunguki kwa vidole.

Mihayo akakimbia ukingoni mpaka akawa mkabala naye. "Kisu," akamwambia. "Kata kamba."

Kasanda akapeleka mkono kiunoni, akakichomoa bila kutazama, kama alivyojizoeza. Akayaweka makali juu ya kamba. Mihayo alimwona kwa macho yake. Makali yapo juu ya kamba, imebaki kukata tu.

Halafu akatulia.

"Kata, shemeji."

"Subiri kidogo. Naona kama nitapata pa kukanyaga."

"Hupati. Kata. Asali tutarina mwakani."

"Hii ni jasho langu la mwaka mzima, Mihayo. Sikuiiba."

"Najua hukuiiba. Kata."

Mihayo akatafuta mti mrefu, akausukuma majini, haukumfikia. Akaingia mwenyewe mpaka maji yakamfika shingoni, yakamnyanyua, akarudi kwa shida akishika majani ya ukingoni. Alipoinua macho akaona kitu ambacho hatakisahau. Shemeji yake alikuwa anakirudisha kisu kwenye ala. Alitaka mikono yote miwili iwe huru, aushike ule mti, ajivute yeye na madumu yake. Akajivuta mara moja, akapanda kidogo, akatabasamu. Akajivuta tena. Mti ukatoka kwenye matope, ukaenda na maji, na Kasanda akaenda nao.

Walimpata kesho yake, chini huko, maji yalipokuwa yamepungua. Walitaka kumbeba, lakini akiwa na ule mzigo hakubebeka. Wanaume wakahangaika na lile fundo, likawashinda. Ndipo mmoja akakiona kisu kiunoni kwa marehemu. Akakichomoa, akakipitisha kwenye kamba mara moja tu. Kamba ikakatika kama uzi.

Mihayo ndiye aliyepeleka habari nyumbani. Nyamizi alimsikiliza mpaka mwisho, amekaa chini, mikono mapajani. Kisha akauliza, "Kisu si alikuwa nacho?"

"Alikuwa nacho, dada."

"Kilikuwa hakikati?"

"Kilikuwa kinakata."

"Sasa?"

Mihayo akainama, akalia mbele ya dada yake.

Mimi nataka tujibu sisi, tuliokaa humu ndani. Maana sisi ni watu wa kuchagua visu. Tunajua mafundisho yapi ni ya mng'aro na yapi ni chuma mpaka mwisho. Mhubiri akija hapa tunampima, tukitoka nje tunaulizana, yule mnamwonaje? Neno la Mungu tunalo, tunalinoa kila juma, wengine mnalisoma kila siku kabla ya chakula. Hakuna mwenye kisu butu humu. Lakini siku linapofika kwenye kamba yako wewe, kamba uliyoifunga kwa mikono yako, unafanya nini? Unaliweka juu, unalipima, halafu unalirudisha kwenye ala, unasema, subiri kidogo.

Na msinielewe vibaya. Kasanda hakufa na mali ya wizi. Ingekuwa ya wizi, pengine angeikata mapema, kwa hofu. Alikufa na kitu cha haki, na hapo ndipo mfano huu unaponichoma mimi. Kuna mtu hapa amegombana na ndugu yake juu ya mpaka wa shamba, na kweli ndugu yake ndiye mkosaji. Kuna mama alidhalilishwa na mkwe wake mbele za watu, hakuombwa radhi mpaka leo. Kuna mzee humu ana mtoto aliyemtukana akaondoka, na mzee ameapa kwamba hatamtafuta, mtoto ndiye aanze. Siwaambii mmekosea. Mnayo haki. Ni asali yenu, mmeitolea jasho. Ila nauliza, haki hiyo inakupeleka juu au inakuvuta chini? Unalala vizuri? Chakula kinapita? Ukiomba, maneno yanafika, au yanaishia darini?

Unasema, nitasamehe, lakini kwanza akiri. Nitamtafuta, lakini kwanza nipate pa kukanyaga. Ndugu yangu, mto haukungoji. Yule mzee aliyekuwa anakaa benchi lile la mbele, ambaye aligombana na kaka yake, mwaka jana sote tulikwenda kumzika, na kaka yake alisimama mbali kule kwenye miti, hakuthubutu kusogea. Je, kaburini tulizika haki ya nani?

Leo sitawaita mje mbele, wala sitawaambia mnyanyue mikono. Kamba yako unaijua, na aliyeko upande wa pili wake unamjua kwa jina. Namba yake unayo, au nyumba yake unaijua. Ukitoka hapa usiende kwanza kula. Nenda kwake, au umpigie, hata kama atakujibu vibaya. Wewe sema lako la kusamehe, mengine umwachie yeye.

Sasa tunyamaze kidogo, kila mtu na Mungu wake. Na kama yupo anayetaka kutoka sasa hivi akapige simu, atoke tu. Hatutamwangalia.