Mji Aliopewa Jumbe Ngwali

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya lini maana sikuwepo, palikuwa na mtawala mmoja wa Tongwa akiitwa Jumbe Ngwali. Jumbe huyu alipenda vitendawili kuliko wali wa nazi. Sasa, mchezo wetu mnaujua. Mtu akitega, wenziwe wakashindwa kutegua, anasema, "Nipeni mji!" Mnampa mji wowote mnaoutaka. Yeye anajisifu kwamba amekwenda huko, wenyeji wamemlaki kwa vigelegele, kisha anatoa jibu. Mchezo tu! Tukimaliza kucheza, mji uko palepale ulipokuwa.

Kwa Jumbe Ngwali haukuwa mchezo. Ukimpa mji, aliuchukua. Asubuhi askari wake walifika, jioni watu wa mji ule walikuwa Tongwa, majembe mkononi, wakilima mashamba yake. Alikwisha kula miji sita kwa namna hiyo. Sita! Hakutupa hata mshale mmoja.

Siku moja akafika Vungwe. Vungwe ulikuwa mji mdogo, kisima kimoja na minazi yake, na watu waoga kama mimi na wewe. Jumbe akaketi kwenye kiti chake cha mpingo alichobebewa na watu wanne, akapaza sauti.

"Kitendawili!"

"Tega," watu wakajibu, sauti za wagonjwa.

"Nilimpa jirani chote, nikabaki nacho chote."

"Moto!" akasema mmoja.

"Ukitoa kijinga cha moto, jikoni kwako kimepungua kijinga. Si moto."

"Kivuli!"

"Kivuli unampaje mtu, bwege wee?"

"Mafua!" akasema bibi mmoja, na hata askari wakacheka. Lakini hayakuwa mafua. Wakabahatisha mpaka koo zikakauka.

"Mmeshindwa," akasema Jumbe, akipiga makofi. "Nipeni mji."

Wangempa mji gani? Miji yote ya jirani ilikwisha kuliwa. Uliobaki ni Vungwe wenyewe.

Hapo akasimama Mboni, mfinyanzi wa vyungu, mikono yake imejaa udongo. Hakushauriana na mtu. Akasema kwa nguvu, "Nakupa Selenduri!"

Watu wakageuka. Seleni nini?

"Uko wapi huo?" akauliza Jumbe, na macho yakamtoka.

"Nyuma ya milima saba, Jumbe wangu. Nyumba zake zimeezekwa kwa shaba. Mto unapita katikati ya soko, na wauzaji wanauza wakiwa ndani ya mitumbwi." Uongo mtupu! Mboni mwenyewe alikuwa hajafika hata mlima wa kwanza. Lakini maneno yalimtoka kama maji ya mtungi uliopasuka.

Jumbe akasisimka, ila hakuwa mjinga. Akasema, "Mji una watu, na watu wana lugha yao. Baada ya siku saba nileteeni Tongwa mtu mmoja wa Selenduri, anisalimu kwa lugha ya kwao. Mkikosa, nachukua Vungwe. Mkinidanganya, nachukua Vungwe na kichwa cha huyo mtu."

Akabebwa, akaenda zake. Hee! Watu wakamrukia Mboni.

"Umetuuza, mama! Nani kakutuma?"

"Ningempa nani?" Mboni akalia. "Niambieni, ningempa nani kati yenu?"

Ndipo Siwatu msusi akasema, "Acheni kelele. Lugha ni maneno, na mimi kutwa nzima nashinda na maneno. Nipeni siku zangu na mtu wa kumfundisha."

Mtu gani sasa? Jumbe alikuwa amewaona wote pale uwanjani. Wote, isipokuwa mmoja: Kombo mkwezi. Siku ile Kombo alipowaona askari alipanda mnazi kwa hofu, akakaa kileleni katikati ya makuti mpaka Jumbe alipoondoka. Wakamteremsha. Akakataa. Wakamshika.

Basi Siwatu akaanza kutunga. Siku ya kwanza akatunga salamu: "Amelu tisi?" Na jibu lake: "Tisi wamelu." Siku ya pili akatunga maji, chumvi, mvua, mama mkwe. Siku ya tatu kuhesabu. Siku ya nne matusi, maana alisema lugha isiyo na matusi haina watu. Wanawake walikuja kusukwa, na kila unywele alioushika aliufunga na neno. Aliyesahau neno alivutwa nywele! Watoto wakadaka lugha mbio kuliko wote. Kufika siku ya tano walikuwa wanagombana kwa Kiselenduri kisimani.

Lakini shida ilikuwa Kombo. Salamu anajua, kuhesabu anajua, ila akiumia analia kwa lugha ya kwao Vungwe. Siwatu alikuwa akimnyemelea anapokula, anamdunga mgongoni kwa mpini wa chanuo.

"Uwii! Mama wee!"

"Umetuua! Mtu wa Selenduri anasema 'Shelelo'! Rudia!"

"Shelelo, da Siwatu, shelelo! Niache nile!"

Alimdunga anapooga. Alimdunga anaposinzia. Kufika siku ya saba Kombo akijikwaa tu, "Shelelo!"

Wakaenda Tongwa, wote watatu. Kombo amevikwa kilemba cha ajabu, Mboni ndiye mkalimani. Kombo akasalimu: "Amelu tisi, Jumbe?" Jumbe akafurahi kama mtoto aliyeona ngoma. Akauliza shaba wanaiitaje. Akauliza bahari. Akauliza konokono! Siwatu hakuwa ametunga konokono. Kombo akajibu palepale, "Pimbilulu," wala hakupepesa jicho.

Jumbe akatabasamu, akasema polepole, "Lugha ya kujifunza mtu huisema akiwa salama. Uchungu hausemi lugha ya kuazima." Akakonyeza. Askari wawili wakamkamata Kombo kwa nyuma, wa tatu akamkandamiza chuma cha moto kwenye wayo wa mguu.

Jamani! Sebule yote ilinuka. Siwatu akafumba macho. Mboni akajiuma kidole. Kombo akafungua mdomo, akapiga ukelele uliofukuza njiwa paani:

"Shelelo! Shelelooo!"

Jumbe akaruka kutoka kitini. "Ni kweli! Upo! Nilikwenda Selenduri, watu wa Selenduri wakanilaki, wakanisalimu kwa lugha ya kwao! Na jibu la kitendawili ni hilo hilo: lugha! Unampa jirani yote, unabaki nayo yote. Mlikuwa nalo mdomoni, wapumbavu ninyi!"

Kesho yake, alfajiri, akakusanya askari wake wote, hakubakiza hata mlinda mlango, akashika njia ya milima saba kwenda kuchukua mji wake. Mwezi ukapita. Mwaka ukapita. Watu wa miji sita wakatupa majembe, wakarudi kwao wakiimba. Na kiti cha mpingo kikabaki pale Tongwa, kitupu.

Wakakusanyika watu wa miji yote saba. Wakasema, "Jumbe wetu awe mmoja wa wale watatu. Lakini kiti ni kimoja."

Mboni akasema, "Kiti ni changu. Nyote mlikuwa mmefumba midomo siku ile. Mimi nilisimama peke yangu, nikautoa mji pasipo mji. Bila Selenduri, hiyo lugha ingekuwa ya nani?"

Siwatu akasema, "Kiti ni changu. Wewe Mboni ulitaja jina moja, tena uliweka rehani shingo zetu bila kutuuliza. Mimi nilitunga maneno elfu kwa siku saba. Watoto wenu mpaka leo wanacheka na kulia kwa lugha yangu. Mji wako uko wapi? Lugha yangu hii hapa, inasikika."

Kombo akaja akichechemea, fimbo mkononi. Hakupanda mnazi tena tangu siku ile. Akasema, "Mimi ni mwoga, mnajua nilikokuwa siku ya kitendawili. Lakini mguu ulioungua ni wa nani? Mnadhani moyoni nilisema shelelo? Moyoni nilimwita mama yangu, marehemu mama yangu, na mdomo nikauzuia usimtaje kwa ajili yenu. Mmoja alitaja mji, mwingine alitunga lugha. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa Selenduri, mtu pekee aliyepata kuwapo."

Watu wengine wakamtazama Mboni, wengine Siwatu, wengine ule mguu.

Nanyi msinitazame mimi! Nimewasimulia, sasa kazi ni yenu. Mkishindwa, nipeni mji, lakini msinipe Selenduri. Ule una mwenyewe, bado yuko njiani anautafuta. Haya, semeni, tena semeni kwa sauti: kile kiti cha mpingo, kati ya wale watatu, nani alistahili kukikalia?