Siku Mize Alipoipaka Bahari Rangi

Wekeni burashi chini mnisikilize, maana leo mmenichosha. Tangu asubuhi mnachora bahari, na kila mmoja ananiletea buluu tupu kutoka juu mpaka chini. Mimi Kazija nimefundisha kazi hii mpaka meno yameniisha, na bado naulizwa kwa nini nakataa bahari ya rangi moja. Haya, tegeni masikio.

Kulikuwa na wakati bahari haikuwa na rangi kabisa. Nchi kavu ilishapata zake: majani kijani, udongo mwekundu, hata kaa wa kwenye mikoko alishapewa wekundu wake. Maji peke yake ndiyo yaliyobaki meupe kama uji wa mgonjwa, na mbingu vivyo hivyo, huoni hii inaishia wapi na ile inaanzia wapi. Wanawake walipokwenda mwambani kuchokoa pweza maji yakipwa, walitembea kwa kubahatisha. Penye kina na pasipo kina palikuwa sawa machoni, na kila mwaka kuna nyumba iliyolia.

Katika mji huo aliishi Mize binti Vuai, fundi wa kupaka kuta rangi. Wazazi wake walikuwa wamefariki, naye alibaki na mdogo wake mmoja tu, Mwatima, mchokoa pweza hodari asiyesikia la mtu. Kila Mwatima alipobeba pakacha kwenda mwambani, Mize chakula kilikuwa hakimpiti kooni mpaka amwone karudi.

Siku moja uvumilivu ukamwisha. "Maji haya nayapaka rangi," akasema, "ili kila mtu aone anakokanyaga."

Mwatima akacheka mpaka akashika mbavu. "Dada, bahari yote hii utaanzia wapi?"

"Nitaanzia hapa miguuni pangu, na wewe nenda kanisagie nili ya buluu badala ya kunicheka."

Enzi hizo maji yalishika rangi kama ukuta mbichi. Mize alipanda jiwe la ufukweni, akafumba jicho moja, akanyoosha mbele burashi yake ya makumbi ya nazi. Lilipolenga jicho lake ndipo rangi ilipotua, hata pawe mbali vipi. Akapaka siku saba, na alikuwa fundi mwenye bidii, msimwone hivi. Buluu ileile nzito aliitandaza toka miguuni pake hadi mwisho wa macho, ikaungana na mbingu. Kila wimbi alilichora kwa ukubwa uleule, la karibu na la mbali. Kulikuwa na kisiwa kidogo huko mbali. Nacho akakipaka jani kwa jani, jiwe kwa jiwe. Watu wakaja kutazama wakasema mashaallah, mikono hii ilindwe. Mize akavimba kichwa.

Lo! Kumbe pale pale ndipo alipokosea. Kwa kuwa cha mbali kilipakwa sawa na cha karibu, kisiwa kile kilionekana kama unaweza kukigusa. Mwatima alikitazama akasema, "Kumbe kule ni hapa tu, na pweza wa kule hawajaguswa na mtu!" Maji yalipokupwa akachukua pakacha, akaupita mwamba ambao wanawake wote huishia hapo, akaendelea. Akatembea, akatembea, na kisiwa hakikusogea hata kidogo. Huku nyuma maji yakaanza kujaa.

Mize aliinua macho pale jiweni akamwona mdogo wake, mdogo kama ukucha, katikati ya mawimbi aliyoyachora makubwa kama ya ufukweni. Ndipo alipoelewa. "Mimi ndiye niliyemponza," akasema. Akaita mpaka sauti ikakauka, lakini upepo ulikuwa unavuma kutoka baharini.

Akaacha kuita akashika kazi. Alimimina maji ndani ya kibuyu cha rangi mpaka ikawa nyepesi kabisa, akaanza na mbali. Akavuta mstari mmoja ulionyooka, mbingu ikaachana na bahari. Kisha akakipitishia kisiwa rangi ile nyepesi, majani na mawe yakafifia, kikabaki kivuli cha buluu. Kule majini Mwatima akaona kisiwa kinarudi nyuma mbele ya macho yake. Akasimama, akageuka kutazama nyumbani.

Lakini kurudi apite wapi? Mbele yake kulikuwa na buluu moja tupu, na maji yalishafika magotini. Mize akachovya nili nzito akaukoleza mkondo wenye kina, ili mtu auogope. Penye maji haba akachanganya na manjano, pakawa kijani. Ukabaki mwamba wenyewe, njia pekee ya kukanyaga, na kibuyuni halikubaki hata tone. Mize akavua mtandio wake, akafumba jicho, akaanza kufuta rangi juu ya mwamba. Alifuta haraka haraka, kwa hiyo weupe ukatokea umepindapinda, hapa mpana, pale umekatika. Na kila alipofuta, maji yakatoa povu.

Mwatima akaliona povu, akakanyaga, akakuta jiwe. Akakanyaga tena. Maji yalimfika kiunoni, yakamfika kifuani, naye hakutoa jicho kwenye ule weupe mpaka akashika mchanga.

"Pakacha limekwenda, dada," akasema huku meno yakigongana, "lakini pweza huyu hapa." Mize akamzaba kofi, kisha akamkumbatia akalia kwa kwikwi. Hata nami nikisimulia hapa hunitoka machozi, mtanisamehe.

Na tangu siku hiyo, bahari ni kijani penye maji haba na nzito penye mkondo, visiwa vya mbali vimefifia, na juu ya mwamba kuna mstari mweupe usiotulia. Wanawake wa pwani huusoma kabla ya kushusha mguu majini. Nasi wachoraji huanza na mbali kwa rangi nyepesi, tukarudi karibu kwa rangi nzito. Weupe wa povu hatuupaki. Nimewaona wengine mmeshafungua kopo la rangi nyeupe, lifungeni. Pale karatasi iacheni wazi, maana pale ndipo Mwatima alipopita akirudi nyumbani.